Sura ya Sita: Jina la Mtoto wa Kwanza

Kufika saa tatu asubuhi ya Jumamosi, Rhona Tulloch alikuwa ameshapanda na kushuka kijiji cha Portgarrow mara mbili, na hakuwa amepata kitu isipokuwa viatu vilivyolowa. Basi la kurudi Banff lingeondoka saa kumi na nusu. Posta ingefungwa saa saba. Kesho yake Jumapili, na Jumapili Portgarrow hakuna basi wala posta, na mtu akigonga msumari siku hiyo majirani watamkumbusha mpaka siku ya kuzikwa kwake. Jumatatu saa nne mahakama ingekaa. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na nusu siku tu ya kujua kama mtu aliyejiita James Mair alikuwa James Mair kweli.

Alisukuma mlango wa nyumba ya mwisho karibu na gati bila kubisha. Isobel Mair alikuwa amepiga magoti jikoni, anasugua mawe ya sakafu.

"Si ulisugua jana?" Rhona alisema.

"Nilisugua."

"Na leo?"

"Leo nasugua tena. Jumatatu wakisema nyumba si yangu, basi huyo anayejiita James aikute safi. Asije akaenda kusimulia huko Kanada kwamba sisi wa ukoo wa Pum ni wachafu. Pita pembeni, dada, hapo pamelowa."

Rhona alipita pembeni. Alikuwa askari wa kike mjini Aberdeen wakati wa vita. Siku hizi alifanya upelelezi kwa wakili wa Isobel kule Banff, na hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alisimama dirishani, akaenda mlangoni, akarudi dirishani. Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Alexander Mair alifariki mwezi wa tatu bila kuacha wosia. Isobel ndiye aliyemuuguza miaka tisa, na kabla yake alimuuguza mama yao, humohumo ndani. Lakini sheria ya Uskoti ilisema nyumba ni ya mtoto wa kiume mkubwa kama yu hai, na James, aliyeondoka mwaka wa ishirini akiwa na miaka kumi na minane, hakuna aliyejua kama yu hai au kafa. Wakili akatangaza kwenye gazeti la Halifax. Wiki mbili zilizopita mwanamume mwenye ndevu za mvi alishuka kwenye basi na sanduku moja, akasema, "Mimi ni James."

"Ulikuwa na miaka saba alipoondoka," Rhona alisema. "Unakumbuka nini hasa?"

"Nimeshakwambia. Kovu. Ndoana ilimchana kiganja cha kushoto."

"Analo kovu."

"Najua analo. Nenda gatini uwafunue viganja. Kila mwanamume wa hapa analo."

"Sura?"

Isobel aliinuka, akajipangusa mikono, akacheka bila furaha. "Sura? Kijiji kina kaya sitini na mbili, hamsini na moja ni Mair, na wote wana pua hii hii. Nikikutana na mwizi gizani naweza kumwamkia binamu."

"Nipe ile picha tena."

Picha ilikuwa kwenye mtungi wa chumvi juu ya jiko. Yule mwanamume mwenyewe alimpa Isobel siku ya kwanza, awajue watoto wa kaka yake. Watoto wanne wamesimama mbele ya nyumba ya mbao, na nyuma ya picha mama yao aliandika majina kwa kufuata kuzaliwa: Gideon, Morag, Donald, Barbara.

"Watoto wanne," Isobel alisema, "na hakuna hata Alexander mmoja. Hakuna Elspet, jina la mama. Baba kafa, jina lake halina wa kuliitikia. Nilimwuliza, akasema aliondoka kwa hasira, hakutaka jina la mzee nyumbani mwake."

"Ulimwamini?"

"Baba alikuwa na mkono mzito. Huenda hata mimi ningefanya vilevile." Alichukua ndoo. "Lakini mama alimkosea nini?"

Rhona aliitia picha mfukoni akatoka.

Alimkuta yule mtu wa Kanada akishuka njia ya kilimani, ile inayozunguka nyuma ya kanisa. Ilikuwa mara ya tatu kumwona akitumia njia hiyo. Kutoka nyumba ya wageni hadi gatini, kila mtu alipita chini, kando ya uwanja wa kuanikia nyavu, mwendo wa dakika tatu. Yeye alipanda mlima wa dakika kumi. Rhona alikuwa ameliandika jambo hilo kwenye daftari bila kujua la nini.

"Bi Tulloch! Umeniota tena?"

"Ndoto zangu zina watu wazuri zaidi, Bwana Mair. Maswali mawili matatu."

"Jana yalikuwa ishirini na matatu. Nilipata mangapi?"

Alipata ishirini na mawili. Alijua baba yake alificha ufunguo wapi, alijua mchungaji wa zamani alikuwa kilema wa mguu gani, alijua lakabu za koo zote, Pum, Dosie, Shavie, Bo, ambazo watu wa hapo huitana kwazo na hawampi mgeni. Alikosa jina la paka tu, na nani anamkumbuka paka wa miaka thelathini na moja iliyopita? Jana usiku Rhona alikuwa ameifuta kwa kalamu nadharia yake ya kwanza, kwamba huyu ni mgeni aliyefundishwa na James. Mgeni hafundishiki kiasi hicho. Huyu alilelewa Portgarrow, na jambo hilo lilimuudhi Rhona sana, kwa sababu lilimsogeza Isobel mlangoni.

"Kanada uliishi kwa nani kabla hujaoa?"

"Kwa wakwe zangu watarajiwa, Cape Breton. Mzee Donald MacAskill alinipa kitanda bandani kwake, na mkewe Morag akanilisha mpaka nikanenepa. Nikaona si vizuri kuondoka bila kumchukua binti yao." Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na kipande cha sikio lake la kulia kilikuwa kimeliwa na baridi.

"Na Gideon? Jina la mtoto wako wa kwanza ulilitoa wapi?"

"La nahodha aliyenivuta majini. Isobel ndiye aliyekutuma uniulize hilo?"

"Barbara?"

"Mkunga. Mama Barbara wa watu, alitembea kwenye theluji maili nne."

"Mtu mwenye shukrani wewe."

"Najitahidi."

"Basi kuna mtu mmoja hujaenda kumshukuru wala kumsalimia. Bibi Dosie, mama yake Walter. Wewe na Walter mliondoka siku moja, meli moja. Mwaka wa ishirini na tatu ukaandika barua kwamba amezama. Wiki mbili upo hapa, hujafika kwake."

Alijaribu kuwasha kiko. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikazimika. "Upepo," alisema.

"Upepo."

"Nitamwambia nini, Bi Tulloch? Mwanao kafa, mimi nimepona? Mwanamke yule alitupikia wote wawili." Njiti ya tatu ilishika. "Nitakwenda. Nipe muda."

Alimpita akaelekea gatini. Jibu lilikuwa zuri, jibu la mtu mwenye haya, na Rhona hakuweza kuliandika upande wowote wa daftari.

Bibi Dosie alikaa mwisho wa mashariki wa kijiji, mlango ukitazama uwanja wa nyavu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi, lakini vidole vilifuma sweta ya mvuvi bila kukosea hata fundo moja. Alimkaribisha Rhona kwa chai na skonzi, akamwagiza akae. Rhona alikaa ukingoni mwa kiti.

"Wewe ni binti wa Aberdeen. Nimekusikia ukipita mara nne tangu alfajiri. Unatafuta nini, ulidondosha kitu?"

"Namtafuta James Mair, bibi."

"Wapo kumi na mmoja."

"James wa Pum."

"Aa, huyo." Sindano ziliendelea. "Huyo hata mimi namtafuta. Naambiwa anapita juu kilimani, kama mtu anayeogopa mbwa. Mimi sina mbwa."

"Ulimjua vizuri utotoni?"

"Alilala kwenye kitanda hicho zaidi ya kwao. Baba yake akishika mkanda, yeye anashika njia ya kuja huku. Mpole. Alikuwa na kifua kibovu. Nilimsugua mafuta kila majira ya baridi. Wangu mimi ndiye aliyekuwa mkorofi." Alisimamisha sindano. "Nitakuomba kitu. Ukimwona, mwambie sitamlaumu. Nina swali moja tu. Barua ilisomwa kanisani, ikasema bahari. Bahari naijua, imenilia kaka wawili. Nataka kujua mwanangu alikuwa peke yake au alikuwa na mtu. Basi. Nijibiwe hilo nife."

"Nitamwambia."

"Mume wangu hakulingoja jibu. Barua ilisomwa mwezi wa nne, yeye tukamzika mwezi wa kumi. Daktari alisema moyo. Kula skonzi, mwanangu, usiishike tu."

Rhona aliila akitembea, maana ilikuwa imefika saa tano na nusu.

Ofisi ya msajili ilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule, na Bwana Raffan, msajili, alikuwa ameketi nyuma ya vitabu vyake akipuliza wino ukauke. Kijana mmoja na mkewe mwenye mtoto mchanga walikuwa wanatoka.

"Umeniona nilivyojiaibisha?" Raffan alisema walipokwisha toka. "Nimewauliza, mtoto aitwe nani? Wakanitazama kana kwamba nimetukana. Mtoto wa kwanza wa kiume! Ataitwa nani tena zaidi ya babu yake mzaa baba? Nimekuja hapa mwaka wa thelathini, bado nauliza maswali ya kigeni."

"Kwetu pia ilikuwa hivyo," Rhona alisema huku akizunguka chumba. "Mimi binti wa pili. Nilipewa jina la mama wa baba, na meno yake."

"Binti wa kwanza anachukua la mama wa mama. Wa pili, la mama wa baba. Mvulana wa pili, la baba wa mama. Jina linajulikana kabla hata mimba haijaonekana. Ndiyo maana nina James kumi na mmoja na mvi hizi."

"Na mtu akiwa amegombana na baba yake?"

Raffan alicheka. "Hapa? Anampa mtoto jina la baba yake, halafu anaendelea kugombana naye. Hayo ni mambo mawili tofauti, Bi Tulloch. Jina si zawadi. Ni haki ya mzee."

Rhona aliacha kuzunguka. Alitoa picha, akaigeuza, akaiweka mezani juu ya kitabu.

"Soma hayo majina. Mke wake ni binti wa Donald na Morag MacAskill. Mwenyewe kaniambia asubuhi hii."

"Gideon, Morag, Donald, Barbara." Raffan alisogeza miwani. "Basi Morag ni binti wa kwanza, mama wa mama. Sawasawa. Donald mvulana wa pili, baba wa mama. Sawasawa kabisa. Watu wenye adabu."

"Anasema alitupa desturi kwa hasira. Mtu akitupa desturi, anaitupa yote. Huyu upande wa mkewe kaufuata hatua kwa hatua. Upande wake mwenyewe tu ndio ana nahodha na mkunga."

"Nahodha mahali pa baba wa baba?" Raffan alisema. "Mkwe angekubali?"

"Nani Portgarrow aliitwa Gideon na akaoa Barbara?"

Msajili alimtazama, kisha akainuka haraka kuliko umri wake. Alivuta kitabu cha ndoa cha mwaka wa themanini na tisa hadi mwaka wa tano, akakifungua mezani, na wote wawili wakainama. Majina ya ubatizo katika kijiji kile yalikuwa ya vitabuni tu. Mtu angeweza kuishi jirani na mwenzake miaka hamsini akimjua kwa lakabu peke yake. Gideon walikuwa saba. Wa kwanza alimwoa Jessie. Wa pili hakuoa. Wa tatu alimwoa Margaret, wa nne Margaret mwingine. Kidole cha Rhona kilishuka ukurasa baada ya ukurasa, na saa ya ukutani ilimkera mpaka akatamani kuisimamisha.

"Hapa," Raffan alisema.

Tarehe kumi na nne Desemba, mwaka wa tisini na tisa. Gideon Mair, mvuvi, na Barbara Flett. Pembeni, kwa penseli ya msajili wa zamani, lakabu ya ukoo ili wasije wakachanganywa na wengine: Dosie.

Raffan alikaa. "Mungu wangu. Huyo ni Bibi Dosie."

"Walizaa watoto wangapi?"

Hakuhitaji kufungua kitabu kingine. "Mmoja," alisema. "Walter."

Rhona alishika mlango. Ndipo alipoona maana ya ile njia ya kilimani. Kijiji kizima kilipita mbele ya mlango wa Bibi Dosie, na kijiji kizima kilijua kwamba bibi hawaoni watu, huwasikia.

Alipitia posta akachukua fomu ya simu ya maandishi, akaijaza akiwa amesimama. Saa ilikuwa saba kasoro dakika ishirini na tano alipoingia nyumba ya wageni. Mtu wake alikuwa peke yake mezani, anakunywa supu ya samaki wa moshi. Rhona aliweka fomu kando ya bakuli.

"Inakwenda kwa mkeo," alisema. "Ina swali moja. *Mwanao Gideon kapewa jina la nani.* Jibu litafika mahakamani Jumatatu asubuhi kabla hakimu hajavaa joho. Posta ipo ng'ambo ya barabara. Niipeleke, au utanijibu wewe?"

"Nimeshakujibu. Nahodha."

"Kwa hiyo ulisimama mbele ya binti wa Donald MacAskill, na Donald mwenyewe yupo hapo, ukasema mjukuu wake wa kwanza aitwe jina la nahodha. Na nyumba haikuwaka moto?"

Alipiga kijiko kwenye ukingo wa bakuli. "Walikuwa waelewa."

"Vizuri. Basi mkeo Flora atajibu nahodha." Rhona alichukua fomu, akaelekea mlangoni. Hakutembea polepole. Alikuwa ameshashika komeo alipoisikia sauti nyuma yake.

"Usimuulize Flora."

"Ulimwambia ni jina la nani?"

"Nilimwambia ni la baba yangu."

"Na baba yako ni nani?"

Mwanamume alitazama dirishani, upande ambao hakuwa amepita kwa wiki mbili. "Gideon Dosie," alisema. "Unajua. Usingesimama hivyo kama hujui."

Rhona alirudi akakaa, safari hii akakaa kweli, akafungua daftari. "James yuko wapi?"

"Halifax. Kaburini. Kifua kilimmaliza mwezi wa pili mwaka wa ishirini na tatu, katika chumba cha kupanga, mkono wake mkononi mwangu. Mimi nilikuwa nimetoroka melini, polisi wa bandari wananitafuta kwa jina. Yeye alikuwa na karatasi safi. Alipokata roho nikasema aliyekufa ni Walter Mair." Alijifuta mdomo. "Jiwe lina jina langu. Niliandika barua kwa mashine, mtu asije akautambua mwandiko wangu akamwambia mama. Nikasema bahari, kwa sababu bahari haiulizwi maswali."

"Miaka ishirini na minane."

"Nilidhani nitairekebisha mwaka unaofuata. Kila mwaka nilidhani hivyo. Halafu mtoto akazaliwa, mchungaji akauliza jina. Nilikuwa nimejizoeza kusema Alexander, niwe James kamili. Nilifungua mdomo niseme Alexander." Alisukuma bakuli kando. "Sikuweza. Mzee wangu angekwenda wapi?"

"Na nyumba ya Isobel?"

"Nililiona tangazo. Nilitaka kurudi kwetu, na sikuwa na jina lingine la kurudia."

"Nimeuliza nyumba."

"Na nyumba niliitaka," alisema. "Sitakudanganya zaidi."

Rhona alimkasirikia, na hakuficha. "Tangu jana yule dada anasugua sakafu kwa ajili yako. Alimlea babaye miaka tisa akimwombea kaka aliyekwisha kufa, ambaye wewe ulimshika mkono. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, utakwenda umwambie kaka yake alikufaje na kalala wapi. Lakini kwanza utaandika."

Aliandika. Karatasi mbili, mwenye nyumba ya wageni akashuhudia bila kuelewa kitu. Alipofika mahali pa sahihi, mkono ulianza herufi ya James kwa mazoea. Akaikata, akaandika *Walter Mair* taratibu, kama mtoto wa shule. Rhona alikausha wino, akakunja karatasi akazitia ndani ya koti. Nyumba ya Isobel ilikuwa imepona. Ilikuwa saa nane kasorobo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama saa.

"Mama yangu anajua?" mwanamume aliuliza.

"Hajui. Lakini ana swali kwako. Nilimwahidi kwamba nitalifikisha, na sipendi kulibeba peke yangu. Vaa koti."

Walipita njia ya chini. Nyavu zilipigwa na upepo uwanjani, na wanawake wawili waliokuwa wakizishona waliinua vichwa, wakawafuata kwa macho. Hatua kumi kabla ya mlango mwanamume alisimama. Rhona naye alisimama, akangoja. Kisha akabisha, akafungua, akamwacha atangulie.

Bibi Dosie hakuinua kichwa. "Binti wa Aberdeen," alisema, "na mwanamume mzito. Ni wewe, James? Ingia, mwanangu. Siumi."

Aliingia hatua moja. Alibaki hapo kizingitini.

"Basi unaona haya. Mimi nimezeeka, sina muda wa haya. Niambie tu. Wangu alikuwa peke yake?"

"Aliyekufa hakuwa peke yake," mwanamume alisema. "Alishikwa mkono mpaka mwisho."

"Ulimshika wewe?"

"Nilimshika mimi."

"Mungu akubariki." Sindano zilianza tena, polepole. "Na wewe una watoto, nasikia. Wanne. Nimefurahi."

Mwanamume alivua kofia. Alimtazama Rhona mara moja, lakini Rhona hakumsaidia.

"Wa kwanza ni wa kiume," alisema. "Anaitwa Gideon."

Sindano zilisimama. Bibi Dosie aligeuza uso upande wa sauti, na macho yake yasiyoona yakabaki hapohapo muda mrefu. Kibonge cha sufu kilianguka kikabingirika hadi kwenye kiatu cha mwanamume, na hakuna aliyekiokota.

"Mtoto wa kike wa pili?" aliuliza.

"Barbara."

Hakulia. Alipapasa sweta mapajani akitafuta fundo alilokuwa ameliachia, akalikosa, akaacha.

"Funga mlango, Walter," alisema. "Upepo unaingia."

Walter hakusogea. Rhona alitoka nje, akauvuta mlango yeye mwenyewe, akaubana mpaka komeo likalia.